Makosa matano ya anayeanza gofu, na namna ya kuyarekebisha

Habari nyingi za michezo tunazowaletea hutoka Kaitaba na kwenye ligi za kata. Hata hivyo hutufikia pia ujumbe wa vijana wanaouliza kuhusu gofu, hasa wanaofikiria kwenda Dar es Salaam, Arusha, au kuvuka Mutukula hadi Entebbe na Kampala kutafuta kazi ya kubeba fimbo za wachezaji. Hilo si swali la mzaha. Wachezaji kadhaa wa kulipwa wa Tanzania, Uganda na Kenya walianza kwa kubeba fimbo za wengine, yaani walikuwa makedi. Ila mwili ukishazoea kupiga vibaya, kuurudisha ni kazi ndefu. Ni afadhali kuanza sawa.

Sisi tuliokulia shambani tuna mtego wetu. Mikono yetu imezoea jembe na panga. Jembe hupanda juu ya kichwa na kushuka kwa nguvu. Panga hukata mgomba kwa mshazari, kutoka juu kulia kwenda chini kushoto. Fimbo ya gofu haitaki yote mawili. Inayofanana nayo zaidi ni fyekeo: kiuno kinageuka, uzito unahama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na chuma kinapita chini kikigusa majani. Mpira wenyewe una uzito usiozidi gramu 45.93, kwa hiyo hauhitaji nguvu za kupasulia kuni.

Maelezo yafuatayo ni ya anayetumia mkono wa kulia. Wa mashoto ageuze.

1. Kukaba fimbo. Mkono ukikakamaa, kiwiko na bega navyo hukakamaa, na fimbo haizunguki. Mkono wa kushoto ukae juu, wa kulia chini yake, na mpini ulale zaidi kwenye vidole kuliko katikati ya kiganja. Shika kama unavyoshika ndizi mbivu: isidondoke, wala isibonyee.

2. Kusimama upande usio sahihi. Wengi hulaumu mkono, kumbe miguu ndiyo inatazama kwingine. Laza fito mbili chini, moja ikielekea unakotaka mpira uende, nyingine sambamba nayo mbele ya vidole vya miguu. Miguu, nyonga na mabega vifuate fito hizo. Piga magoti kidogo, inama kuanzia kwenye nyonga, na mgongo uwe umenyooka. Anayepinda mgongo kama anayepalilia hujitafutia maumivu ya kiuno.

3. Kujaribu kuunyanyua mpira. Hapa ndipo mpira hupigwa kichwani ukabiringika hatua chache tu. Utasikia watu wakisema, “Umeinua kichwa.” Mara nyingi aliyeinuka ni mwili mzima, kwa sababu mchezaji anataka kuusaidia mpira kupaa. Haina haja. Uso wa fimbo namba 7 umelala kwa nyuzi 30 hivi, na ulalo huo ndio unaoupandisha mpira. Wewe uache mwili ubaki kwenye kimo chake na fimbo ishuke.

4. Kuchimba udongo kabla ya mpira. Chanzo chake kikubwa ni uzito kubaki kwenye mguu wa kulia. Chora mstari chini, simama ukiwa umeuweka katikati ya miguu, kisha zungusha fimbo bila mpira. Alama ya fimbo ianzie kwenye mstari au mbele yake, upande wa kule mpira unakokwenda. Ikiwa nyuma ya mstari, uzito haujahama. Ukimaliza, karibu uzito wote uwe kwenye mguu wa kushoto, na kisigino cha kulia kiwe kimenyanyuka.

5. Mpira kupinda kulia. Wachezaji huuita slaisi, na hili ndilo kosa la panga. Mabega hutangulia, fimbo hushuka ikitokea nje na kuuvuta mpira kuelekea ndani, huku uso wake ukiwa wazi. Weka kitambaa kilichokunjwa sentimita chache ng'ambo ya mpira, upande ulio mbali na miguu yako. Ukikigonga, fimbo inatokea nje. Anza kushuka kwa kugeuza nyonga, mikono ifuate. Mpira ukiendelea kupinda, rudi kwenye kosa la kwanza: huenda mkono wa kushoto umeshika fimbo kwa namna inayouacha uso wazi.

Huhitaji kiwanja ili kuanza. Fimbo iliyonyooka yenye urefu wa karibu mita moja na kibonge cha karatasi vinatosha. Usifanyie mazoezi ndani ya kibanja, migomba itakuzuia. Nenda kwenye rweya, mbali na ng'ombe na watoto, na hakikisha hakuna mtu nyuma yako wala ubavuni kabla ya kuinua fimbo. Usitumie jiwe badala ya mpira, linaweza kumtoa mtu jicho.

Mwenye simu yenye kamera amwombe mwenzake ampige video mara mbili: kwanza akitazamwa kifuani, kisha kwa nyuma, kamera ikielekea unakokwenda mpira. Tazama jambo moja tu kila siku. Anayerekebisha makosa matano kwa pamoja hubaki na yote matano.

Kipimo ni hiki: piga kwa nguvu ambayo itakuacha umesimama imara hadi uhesabu moja, mbili, tatu. Ukiyumba kabla ya tatu, punguza nguvu, kisha rudia.