Jina la Stefano: Asili na Maana Yake

Katika nchi hii ya Mpala, jina Stefano lina heshima yake tangu zamani. Hapa alisoma Stefano Kaoze, ambaye Monsinyori Victor Roelens alimpa upadri kule Baudouinville (leo Kirungu) tarehe 21 Julai 1917. Yeye ndiye padri wa kwanza mzalendo wa Kongo ya Wabelgiji. Basi inafaa tujue jina hilo lilitoka wapi.

Walimu wa dini wengi hufundisha kwamba Stefano maana yake ni "taji". Wanasema kweli, lakini wasikilizaji hufikiri mara moja taji la mfalme, na hapo wanapotea. Wagiriki walikuwa na maneno mawili. Kilemba cha mfalme walikiita diadema. Stefanos ni kitu kingine: ni shada la majani lililosukwa na kuzungushwa kichwani mwa mtu aliyeshinda mbio au mieleka. Lilikauka upesi, na Mtakatifu Paulo anakumbusha jambo hilo katika barua yake ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 9. Tena Wainjili, wakitaja miiba waliyomsukia Bwana wetu, wanatumia neno hilohilo. Kiswahili chetu kina "taji" tu kwa yote mawili, kwa hiyo mwalimu hana budi kueleza.

Sasa tutazame jambo moja ambalo wengi hawalifikiri. Wagiriki wapagani waliwaita watoto wao Stefanos kabla ya Kristu kuzaliwa. Yule shemasi wa Yerusalemu, ambaye habari zake zimo katika Matendo ya Mitume, sura ya 6 na 7, alilipata kama jina la kawaida la watu wa lugha yake. Likawa jina la Kikristu kwa sababu alipigwa mawe akiwaombea wauaji wake. Tangu hapo likaenea: Wafaransa wakasema Étienne, Wahungari István, Wahabeshi Estifanos. (Hata ziwa moja la Ethiopia, Chew Bahir, liliitwa Stefanie mwaka 1888 na msafiri Teleki, kwa heshima ya binti wa Leopold wa Pili. Hilo si la martiri!)

Mwaka uleule wa 1917 Kanisa lilitangaza Kitabu cha Sheria. Kanuni ya 761 iliamuru mapadri wahakikishe mbatizwa anapewa jina la Kikristu; wazazi wakikataa, padri aongeze la mtakatifu. Kaoze alibaki na yote mawili, la ubatizo na la kwao. Halafu, mwaka 1972, serikali ya Mobutu ikakataza majina ya ubatizo, ikisema ni ya kigeni. Wakristu wengi waliumia sana. Mimi naona pande zote mbili zilisahau historia: serikali ilidhani Stefano ni mali ya Wazungu, na baadhi yetu tulidhani majina ya mababu hayawezi kuingia kanisani, kumbe Stefanos lenyewe liliingia kwa mlango huohuo.

Sheria mpya ya 1983, kanuni ya 855, inadai tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristu. Kwa hiyo mtoto akiletwa abatizwe Kaoze peke yake, paroko hana sababu ya kumkatalia.