Neno na Matumizi: Kubwa Kuliko, Zaidi Ya

Alama ya > hufundishwa watoto wadogo kama mdomo wa mamba unaofunguka kuelekea namba kubwa, na mtoto wa delta ya Rufiji hahitaji kuelezwa mamba ni nani. Shida huja kwenye kuisoma. Utasikia 7 > 4 ikisomwa "saba ni nyingi kuliko nne". Hapana. Vitu ndivyo huwa vingi; namba huwa kubwa. Kamba saba ndani ya kapu ni wengi kuliko kamba wanne, lakini saba yenyewe ni kubwa kuliko nne. Na < isomwe "ndogo kuliko", si "chache kuliko".

"Kuliko" ni Kibantu chetu, asili yake "huko kuliko na kitu"; "zaidi" imetoka Kiarabu, ndugu wa "zidi". Wengi huyachanganya wakasema "kubwa zaidi ya nne". Chagua moja: "kubwa kuliko nne", au "zaidi ya nne". Hili la pili lina mtego wake. Mnunuzi akitaka pishi zaidi ya nne za mpunga pale Kibiti, nne kamili hazimtoshi. Akiridhika nazo, alipaswa kusema "zisizopungua nne". (Alama za > na < zilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1631, katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, aliyekuwa amefariki miaka 10 kabla.)

Mwalimu, mchoro wa mamba uache ubaoni, ila mtoto aisome alama kwa sauti: saba ni kubwa kuliko nne.