Nidungwe ya Tatu au Niwache?

Watu wangu, leo sina kichekesho. Video za wiki hii zimechelewa kwa sababu Jumatatu nilibeba ndoo moja ya maji kutoka kisimani mpaka nyumbani, halafu Jumanne na Jumatano nikalala. Ndoo moja, lita 20. Kitambo nilikuwa nabeba mbili, na jioni bado naenda kupiga mpira.

Nina miaka 22. Nakaa Bodo, huku tunakovukia kwenda Funzi, na kama hupajui shauri yako. Tarehe 5 Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa Korona si dharura ya dunia tena. Kijijini hakuna aliyeshtuka, maana huku iliisha siku watu walipovua maski. Mimi nilikuwa nimekaa barazani na bibi, nasoma hiyo habari kwa simu, moyo unadunda kama nimetoka mbio, na nilikuwa nimetoka chooni tu.

Nina ile Korona isiyotoka, wenyewe wanaiita long Covid. Nina dozi 2 za AstraZeneca. Na sasa swali linalonikosesha usingizi ni dogo tu ukiliangalia: busta nidungwe au niwache? Mimi si daktari, chuo chenyewe nimeacha. Lakini nimesoma sana kuhusu hii mambo nikiwa kitandani, na nimeona huwezi kuamua kuhusu sindano ya leo kama hukumbuki tulifikaje hapa.

Tuanze 2020. Machi 13 Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza. Machi 27, jioni ya kwanza ya kafyu, polisi waliwapiga watu na kuwarushia vitoa machozi pale Likoni wakiwa wanakimbilia feri wafike makwao. Kumbuka hilo. Kwa watu wengi wa Pwani ya Kusini, kitu cha kwanza serikali ilichowaletea kuhusu Korona kilikuwa rungu, sindano ilikuja mwaka mmoja baadaye. Aprili 8 Kwale, Kilifi na Mombasa zikafungwa, huingii hutoki. Hoteli za Diani zikafunga, mama yangu akarudi nyumbani na begi la nguo za kazi. Kwale tulifunguliwa mwanzo wa Juni, Mombasa ikabaki imefungwa mpaka Julai. Yaani uko huru, ila mjini huendi.

Katikati ya hayo, Aprili hiyo hiyo, wataalamu 2 wa Ufaransa wakakaa kwenye televisheni wakajadili kama chanjo ya BCG isijaribiwe Afrika dhidi ya Korona, kwa sababu huku hatuna maski wala matibabu. Mkuu wa WHO, Tedros, aliyaita matamshi ya kibaguzi. Lakini ile klipu ilishafika Bodo, na ilikaa. KEMRI-Wellcome pale Kilifi walipoanza kujaribu chanjo ya Oxford mwishoni mwa 2020, watu walisema si mnaona. Ukweli ni kwamba chanjo hiyo ilianza kujaribiwa Uingereza kwenyewe, kwa Waingereza, tangu Aprili. Hakuna aliyetaka kusikia, na mimi simlaumu mtu aliyetoka kupigwa rungu Likoni.

Sasa angalia kinaya. Tuliogopa kuwa wa kwanza, tukaishia kuwa wa mwisho. Machi 2021 dozi milioni 1 hivi za AstraZeneca zikaingia Nairobi kupitia mpango wa COVAX. Wakaanza wahudumu wa afya, walimu, polisi, halafu wazee. Mwisho wa mwezi huo huo India ikazuia chanjo zisitoke nje kwa sababu watu wake walikuwa wanakufa, na huku dozi ya pili ikasogezwa kutoka wiki 8 mpaka 12. Wakati huo kwenye WhatsApp kulikuwa na ujumbe unasema kila aliyechanjwa atakufa ndani ya miaka 2. Bibi alichanjwa 2021. Leo asubuhi amenigombeza kwa sababu sijala mahamri.

Mimi niliugua Agosti 2021, wakati wa kile kirusi cha Delta. Homa, mwili kuuma, na nikapoteza harufu. Mama aliniwekea samaki wa kupaka mbele yangu, nikawa natafuna kama karatasi. Sikupimwa. Kipimo kilikuwa ghali na mbali, na nyumba nzima ilikuwa inakohoa, sasa apimwe nani awachwe nani? Hapo ndipo nilipofanya kosa bila kujua, manake bila karatasi ya kipimo, hukuugua. Nilipoanza kushindwa kupanda ngazi chuoni na kusoma ukurasa mmoja mara nne bila kuelewa, nikaambiwa nilete ushahidi. Zahanati moja ikaniandikia "uchovu" na vitamini. Nikaonekana kijana mvivu aliyepata kisingizio.

Na siko peke yangu bila karatasi. Hao hao watafiti wa Kilifi walichukua damu iliyotolewa na wachangiaji nchini kote wakatafuta kingamwili za Korona. Kufikia katikati ya Juni 2020, wakati wizara ilikuwa na wagonjwa elfu chache tu kwenye hesabu, wao walikadiria asilimia 4.3 ya watu wa umri wa kutoa damu walishaambukizwa. Kufikia Machi 2021 ilikuwa karibu nusu. Nusu! Kwa hivyo kuna Wakenya mamilioni walioupata ugonjwa na hawamo kwenye daftari lolote. Wangapi kati yao hawakupona sawasawa? Huwezi kumhesabu aliyebaki hoi kama hukumhesabu alipougua.

Hii si mara ya kwanza Pwani. Septemba 1918 ile homa kubwa ya dunia iliingilia bandari ya Mombasa. Watafiti waliopekua makaratasi ya wakoloni wanakadiria iliua watu 25 hivi kwa kila 1000 mkoa wa Pwani, na mwaka huo vifo vilipanda mara 6. Hizo ni hesabu za waliokufa na waliofika hospitali. Yule aliyenusurika akawa hawezi tena kulima wala kupanda mnazi, hana safu yake.

Halafu kuna chikungunya, na hii ndo inanigusa zaidi. Ilijulikana rasmi baada ya mlipuko wa 1952 upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika, na jina ni la Kimakonde: kujikunja. Wamakonde hawakuupa ugonjwa jina la homa, ingawa homa ipo na ni kali. Waliupa jina la vile unavyokuacha, umejikunja, viungo havinyooki. Jirani yake o'nyong-nyong, iliyolipuka Uganda 1959, jina lake la Kiacholi nalo ni la viungo kuisha nguvu. Msambweni hapa, watafiti walipopima damu za watu walikuta wengi wamewahi kupata hizi homa bila hata mmoja kuwaambia ni nini. Mjomba wangu aliipata Mombasa mwanzo wa 2018. Homa ilikwisha siku chache. Kuvuta nyavu kulimshinda miezi 7, na madikoni akaitwa mzee akiwa na miaka 40.

Hata hilo jina long Covid halikutoka wizarani wala kwa madaktari. Lilianzishwa Mei 2020 na mgonjwa, Elisa Perego, Mwitaliano ambaye kazi yake ni akiolojia. Mtu wa kuchimba mambo ya kale, fikiria. WHO ilitoa maana rasmi Oktoba 2021: dalili zipo miezi 3 baada ya kuugua, zimedumu angalau miezi 2, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Wagonjwa walikuwa wamesubiri zaidi ya mwaka kuambiwa kuwa wanaumwa.

Nilipojua hilo nikaanza daftari langu. La karatasi kabisa, lenye picha ya simba. Naandika nililala saa ngapi, nilitembea mpaka wapi, mapigo ya moyo. Siku za nyuma nilizijaza kwa kumbukumbu, kwa mama, na kwa meseji za zamani.

Turudi kwenye sindano. Kenya ilianza kutoa busta mwishoni mwa Desemba 2021, miezi 6 baada ya dozi ya pili. Ilikuwa ndo kwanza wizara imetoka kutishia kuwanyima huduma wasiochanjwa, Mahakama Kuu ikasimamisha. Vitisho tena. Ingekuwa mimi ningetuma watu wa kueleza.

Utafiti unasema nini? Kuchanjwa kabla ya kuambukizwa kunapunguza uwezekano wa kubaki na Korona ya muda mrefu, lakini hakuuondoi. Utafiti mmoja mkubwa wa wanajeshi wastaafu wa Marekani, 2022, ulikuta umepungua kwa asilimia 15 hivi. Kwa mtu kama mimi ambaye tayari ninayo, majibu yamechanganyika: kuna waliopata nafuu baada ya sindano, kuna waliozidiwa, wengi hawakuona tofauti. Halafu chanjo za Pfizer na Moderna zina athari nadra ya misuli ya moyo kuvimba, hasa vijana wa kiume, wengi wao hupona. Nadra ni neno zuri mpaka uwe kijana wa kiume ambaye moyo wake unadunda akitoka chooni. Nilipimwa moyo mwezi wa tatu, daktari akasema uko sawa.

Machi 2023 WHO ilipanga upya foleni ya busta. Mbele walikuwa wazee, wajawazito, wahudumu wa afya, wenye magonjwa sugu. Kijana mwenye afya, ya kwanza ilitosha, za ziada hazikuwa na haraka. Nilienda kituo kimoja kuuliza mimi niko wapi. Nesi, mama wa makamo, mpole kweli, akaangalia fomu: sukari, presha, ukimwi, pumu. "Mwanangu, hii yako haina kisanduku." Nikamuuliza, "Sasa mama, utaniandika nani?" Akaandika kijana mwenye afya. Tukacheka wote wawili, mimi nikacheka mpaka nikakosa pumzi.

Kwa hivyo nikafungua daftari la simba. Dozi ya kwanza, Novemba 2021: nilianguka siku 4. Dozi ya pili, Februari 2022: siku 9, na nilikuwa nimeapa sirudi tena. Lakini Juni 2022 binamu yangu alipimwa akakutwa na Korona, siku 3 baadaye harufu yangu ikapotea mara ya pili. Hiyo ilinichukua wiki 11. Ndiyo iliyonitoa chuoni. Septemba wenzangu walirudi darasani, mimi nilikuwa najifunza upya kutembea mpaka dukani.

Najua daftari la mtu mmoja si utafiti, na mwenzangu lake linaweza kusema kinyume. Yupo dada mmoja wa Ukunda tunaongea naye, ana hali kama yangu, amekataa ya tatu kabisa na sababu zake nazielewa. Daktari wake naye hakumpinga. Mimi daktari wangu aliniambia uamuzi ni wangu, jambo ambalo nilitamani asiseme.

Siku 9 naziweza. Wiki 11 nyingine siziwezi, na huu ndio msimu wa kusi, kila nyumba kuna anayekohoa.

Nimepiga video 3 za akiba. Mjomba atabeba maji. Alhamisi asubuhi boda inanipeleka barabarani, nachukua matatu ya Msambweni, na nimemwambia dereva wa kunirudisha asije na pikipiki, aje na tuktuk, nitakuwa nimechoka.