Atanasi (jina)

Atanasi, au Athanasi, ni jina la kiume lenye asili ya Kigiriki ambalo maana yake ni "asiyekufa". Limejengwa juu ya neno thanatos, yaani mauti, likitanguliwa na a- ya kukanusha. Halina undugu wowote na mji wa Athens, ingawa masikio hudhani hivyo. Katika tenzi za Homer sifa hiyo ni ya miungu, na ndiyo inayowatenga na binadamu. Wakristo walipoanza kuwapa watoto wao jina hili walikuwa na jambo jingine moyoni: ufufuko, na uzima wa milele ambao hata mtoto wa mvuvi angeweza kuupata.

Aliyelipa jina hili uzito wake ni Mwafrika. Atanasi wa Aleksandria alihudhuria Mtaguso wa Nisea mwaka 325 akiwa bado shemasi, akawa askofu wa mji wake mwaka 328, na akafariki mwaka 373. Kwa kushikilia kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba, alifukuzwa mara 5 katika kiti chake, na sehemu ya uhamisho wake aliipitisha kwa wamonaki wa jangwa la Misri. Barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 ndiyo ya kale zaidi ijulikanayo kutaja vitabu 27 vya Agano Jipya, hivyo hivyo tulivyo navyo leo. Yeye pia ndiye aliyemweka wakfu Frumenti kuwa askofu wa Aksum, Ethiopia. Ni vema kulikumbuka hilo, kwa sababu wengi huzungumza kana kwamba majina ya namna hii yalifika Afrika kwa mara ya kwanza kwa meli za wamisionari.

Katika Buganda jina lilifika kwa njia ndefu, kupitia Kilatini na Kifaransa. Padri Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alifika mwaka 1879 pamoja na Bruda Amans, wote wa shirika la White Fathers. Wanafunzi wao walipobatizwa walipewa majina ya watakatifu, na wakayatamka kwa ulimi wa Kiganda: Andrea akawa Anderea, Atanasi akawa Atanansi. Jina la ukoo halikutupwa. Lilifuata la ubatizo, na mpaka leo Waganda wengi hujitambulisha kwa yote mawili.

Mbebaji wa jina anayekumbukwa kuliko wote Uganda ni Atanasi Bazzekuketta, kijana wa yapata miaka 20 aliyetumika katika jumba la Kabaka Mwanga II, mfalme wa Buganda, akiwa miongoni mwa watunzaji wa hazina. Alibatizwa Novemba 1885, siku chache tu baada ya Yosefu Mukasa Balikuddembe kuuawa kwa ajili ya imani. Wakatekumeni walikuwa wameona wazi gharama ya maji yale, na bado waliyaomba. Mei 1886 Mwanga aliwahukumu vijana wake huko Munyonyo, wakaanza kuswagwa kuelekea Namugongo. Atanasi hakufika. Kwa mujibu wa masimulizi, alikataa kuendelea na safari, akataka auawe papo hapo. Wauaji wakamkatakata Nakivubo tarehe 27 Mei. Papa Benedikto XV alimtangaza mwenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo VI mtakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, pamoja na wafiadini wenzake 21 Wakatoliki. Mwaka 1969 papa huyohuyo alizuru Uganda.

Kitovu cha Wakatoliki wa Buganda ni Lubaga, mlima ulio jijini Kampala. Uliwahi kuwa na jumba la Kabaka Mutesa I, ukatolewa kwa wamisionari Wakatoliki mwaka 1889, na kanisa kuu lililopo sasa lilijengwa kati ya 1914 na 1925. Hapo ndipo penye kiti cha askofu mkuu wa Kampala.

Lakini kwa jina hili Lubaga ina mlango wa pili, na huo haupewi nafasi unayostahili vitabuni. Namungoona, katika tarafa ya Lubaga, pana kanisa kuu la Waorthodoksi la Mtakatifu Nikolao. Waliouanzisha Uorthodoksi Uganda si Wagiriki bali ni Waganda wenyewe, Reuben Mukasa Spartas na Obadiah Basajjakitalo, waliojitenga na Waanglikana mwaka 1929 wakitafuta kanisa la kale lisilotawaliwa na wakoloni. Mwaka 1946 Patriarki wa Aleksandria aliwapokea. Hivyo waumini wa Namungoona wako chini ya kiti kilekile alichokalia Atanasi, na kwao jina hufuata mkondo wa Kigiriki, bila kuzunguka Ufaransa.

Kwa lugha nyingine jina huandikwa Athanase kwa Kifaransa, umbo linalotumika pia Kongo, Rwanda na Burundi. Atanasio kwa Kiitaliano. Afanasi kwa Kirusi. Tanzania Athanas na Athanasi yamezoeleka, hasa miongoni mwa Wakatoliki. Wagiriki wa leo hulifupisha kuwa Thanasis au Thanos, na wanawake huitwa Athanasia. Wakatoliki humwadhimisha Atanasi wa Aleksandria tarehe 2 Mei. Waorthodoksi humkumbuka siku hiyo na pia tarehe 18 Januari, pamoja na Kirili wa Aleksandria. Bazzekuketta na wafiadini wenzake huadhimishwa tarehe 3 Juni.