Usimamizi wa fikra, si kazi tendaji

Mtu aliyeanguka na bodaboda akaumia ubongo anaweza kurudi nyumbani akitembea vizuri, akizungumza bila kukwama, akimtambua kila jamaa, kisha akashindwa kupika pilau aliyoipika miaka yote. Kukaanga vitunguu anajua, kupima maji anajua. Kilichomponyoka ni mpangilio: kipi kitangulie, wapi asubiri, afanye nini akikosea. Ndugu humwita mvivu, na hapo ndipo dhuluma huanzia.

Wanasaikolojia wanaoandika kwa Kiingereza waliuita uwezo huu kwa jina lililotokana na kazi ya wakurugenzi. Anayelifuata neno lao kwa karibu atasema "kazi tendaji", kama tusemavyo mkurugenzi mtendaji. Siikubali tafsiri hiyo. Mgonjwa wetu anatenda. Kilichoharibika ni kuyasimamia matendo yake. Nasema "usimamizi wa fikra", maana kusimamia kunabeba kupanga, kukumbuka lengo, kujizuia na kubadili njia.

Mwaka 1982, Tim Shallice alieleza kipimo cha uwezo huo kiitwacho Mnara wa London. Kuna vijiti vitatu vya urefu tofauti, na mipira mitatu ya rangi. Mgonjwa huonyeshwa mpangilio unaotakiwa, aufikie kwa kuhamisha mpira mmoja mmoja, kwa hatua chache iwezekanavyo. Anayerukia hatua ya kwanza bila kuiona ya tatu hukwama.

Kipimo hicho kimefanywa pia ndani ya mashine ya MRI, na hapa "tendaji" linapata kazi yake halali. MRI ya kawaida huonyesha umbo la ubongo. MRI tendaji huufuatilia ukiwa kazini. Sehemu inayofanya kazi huletewa damu yenye oksijeni nyingi kuliko inavyohitaji, na himoglobini iliyobeba oksijeni huathiri sumaku tofauti na ile iliyoitua. Mashine husoma tofauti hiyo. Kwa hiyo haipigi picha ya wazo, bali ya damu inayolifuata kwa kuchelewa sekunde kadhaa. Mtu akiupanga mnara, sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso hufanya kazi sana, pamoja na maeneo ya juu kuelekea kisogoni.

Kwa majeruhi, picha hizi zimefungua macho. Kipimo cha CT hukamata vizuri mfupa uliovunjika na damu iliyovuja, lakini nyuzi za neva zilizochanika kwa mtikisiko mara nyingi hazionekani. Mwaka 1999, Thomas McAllister na wenzake nchini Marekani waliwapima kwa MRI tendaji watu mwezi mmoja baada ya jeraha dogo la ubongo, kwa zoezi la kushikilia mambo akilini. Majibu yao hayakutofautiana sana na ya wazima, ila zoezi lilipozidi ugumu, ubongo wao uliwasha maeneo mapana zaidi. Alama zilificha jitihada, na uchovu wanaoulalamikia wagonjwa hawa haupaswi kupuuzwa.

Hata hivyo, matokeo hayo ni ya kundi. Picha moja ya mgonjwa mmoja haitoshi kuthibitisha jeraha, tena jeraha lenyewe linaweza kuvuruga mishipa ya damu ambayo mashine inaitegemea. Ripoti inayosema "kazi tendaji imepungua" itamwacha daktari akijiuliza kama ni damu iliyopungua kwenye picha, au mgonjwa aliyeshindwa kupanga.