Fundi wa Redio Mjini Morogoro: Biashara Ndogo, Sheria Kubwa

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea sura ya tasnifu yake kuhusu redio na ujenzi wa taifa. Ilikuwa sura nzuri. Mawaziri walikuwamo, watangazaji walikuwamo, hotuba za Mwalimu zilikuwamo. Nilimuuliza swali moja tu: redio ya kikundi cha kusoma ikizimika kule Mgeta mwaka 1973, nani aliiwasha tena? Alinyamaza. Nami nilipopekua vitabu vya rafuni kwangu, nilinyamaza vilevile.

Tarehe tunazikariri sote. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, ikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika 1956, kisha serikali ikaichukua na kuiita Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi, wakisikiliza kipindi, wakijadili, kisha wakienda kuchimba vyoo. Wataalamu wa elimu ya watu wazima duniani wameiandika sana, na wana haki. Lakini kampeni ile ilitegemea redio moja kwa kundi zima. Waya mmoja ukiachia ndani ya sanduku lile, kijiji kinapoteza darasa. Hivyo kati ya sera ya Dar es Salaam na choo cha mlimani alisimama mtu mwenye pasi ya kulehemu, ambaye hakuwa mwajiriwa wa yeyote.

Mmoja wao nilimfahamu. Kibanda chake kilikuwa karibu na Soko Kuu la Morogoro, na katika miaka ya themanini baba alikuwa akinituma kwake na redio yetu, aina ya National, ikiwa imefungwa kwenye kipande cha khanga. Namsalimu, "Shikamoo babu," naye anaitikia "Marahaba" bila kuinua macho, kisha anaitikisa redio sikioni kama mtu anayepima nazi. Mara nyingi alijua ubaya kabla ya kufungua.

Biashara yake ilikuwa na hesabu ambazo hakuna mpango wa miaka mitano uliozitambua. Kampuni ya Matsushita ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam, Philips ilikuwa na chake Arusha, lakini uchumi ulipoanguka fedha za kigeni zilikauka, na vipuri vikaadimika. Kwa hiyo mtaji wa fundi ulikuwa maiti za redio. Alinunua zilizokufa kabisa, akazichambua, akatunza transista, kapasita na spika katika makopo ya maziwa. Betri zilipokosekana, wateja walizianika juani zipate uhai wa siku mbili. Yeye aliuza ushauri huo bure, jambo ambalo wafanyabiashara wa leo wangelicheka. Wakulima walioshuka kutoka Nyandira walimlipa kwa viazi na njegere. Wengine walimlipa msimu uliofuata.

Mwaka 1983 ilikuja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi. Walanguzi wa kweli walikuwapo, sibishi. Lakini ilimbidi kila mwenye akiba ya kitu adimu ajieleze, na makopo yale yalikuwa akiba ya kitu adimu. Aliniambia baadaye kwamba aliyafukia nyuma ya nyumba kwa majuma kadhaa. Vipuri vingine vilipata kutu na havikufaa tena. Aprili mwaka uliofuata, Sokoine alipofariki katika ajali huku huku mkoani kwetu, watu walijazana kibandani kusikiliza taarifa, kwa kuwa kila mmoja alijua kwamba hapo pana redio inayofanya kazi.

Usiku alikuwa mtu mwingine. Alitandaza waya wa shaba kati ya miembe miwili, kama mita 20 hivi, akasikiliza masafa mafupi karibu na megahezi 7, wanakozungumza waendeshaji wa redio za ridhaa. Sauti zao kwenye redio ya kawaida husikika kama bata wanaogombana, kwa sababu hurusha nusu tu ya mawimbi ya kawaida na kuacha lile la kati. Babu yule aliweka redio ya pili pembeni, akaizungusha polepole hadi mawimbi madogo yanayovuja ndani yake yalipojaza pengo lile, na bata wakageuka watu. Miaka mingi baadaye mhandisi mmoja alinieleza kwa hesabu kwa nini mbinu ile inafanya kazi. Fundi aliipata kwa masikio.

Aliwaandika katika madaftari: alama ya mwito, saa, hali ya hewa. Alijua kwamba Tanganyika ya Waingereza ilikuwa VQ3, Zanzibar VQ1, na kwamba baada ya uhuru alama zetu zikaanza na 5H. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na alama, wala hakuwahi kurusha neno moja hewani. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Mwanangu, kusikiliza hakumfungi mtu."

Naielewa hofu iliyokuwa nyuma ya jibu lile, na sitaki kuifanyia mzaha. Januari 1964 Zanzibar ilimsikia John Okello kupitia redio kabla haijamwona. Chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro mwaka 1969, baadaye kikajenga shule Mazimbu, na sauti yake ikaenda hewani kupitia mitambo ya Radio Tanzania. Nchi iliyokuwa ikirusha mawimbi ya ukombozi kuelekea kusini ilikuwa na sababu ya kujiuliza nani mwingine anarusha. Ninachobishia ni kwamba hofu hiyo ilidumu kuliko sababu yake.

Leo leseni ya redio ya ridhaa ipo, chini ya mamlaka iliyoanzishwa 2003. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inadai leseni pia kwa anayeingiza, kuuza, kufunga au kutengeneza vifaa. Kwa kampuni ya simu, hilo ni karatasi moja kati ya nyingi. Kwa kijana wa Mji Mpya anayetaka kuwauzia wapenzi wa redio waya, antena na vifaa vya kujiundia, ni ukuta unaosimama kabla hajapata mteja wa kwanza. Na wateja wenyewe watatoka wapi, ikiwa hatujawahi kuwaalika? Mafundi wa zamani wamehamia kwenye simu, kwa kuwa redio ndogo ya kutoka China ni rahisi kutupa kuliko kutengeneza.

Wanaosema mambo haya yamepitwa na wakati waitazame milima. Uluguru inapita mita 2,600, na mawimbi ya FM hayapindi kona. Ndiyo maana upande wa pili wa mgongo ule unaweza kukosa kituo kinachosikika vizuri mjini. Masafa mafupi yakirushwa karibu wima hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini pande zote, milima ikiwamo. Mafuriko ya Kilosa, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliharibu reli ya kati. Maji yanayobeba tuta la reli hayashindwi na mnara wa simu.

Mwanafunzi wangu amebadilisha sura yake. Amekwisha kuwapata mafundi watatu waliofanya kazi kabla ya 1985, mmoja hasikii tena vizuri. Madaftari ya babu yule tuliyaulizia kwa familia: yalitumika kufungia karanga. Lakini kopo moja la transista lingali lipo, nasi tumeomba turuhusiwe kulipiga picha.