Kontwari ya jiwe: ni chuma gani kinaibeba?

Hapa Tenke, ukisema kontwari, wengi wanafikiria nyumba za kununulia madini. Hii ni ingine: meza ya graniti ya jikoni ao ya nganda, yenye kutokeza mbele.

Graniti ya unene wa sentimita 3 ina karibu kilo 80 kwa kila mita mraba. Jiwe la mita 2 kwa sentimita 60 linakaribia kilo 100, hata mbele ya mtu kuliegemea. Likitokeza zaidi ya sentimita 25, linaomba chuma chini yake, kila sentimita 60 hivi, na chuma kifike theluthi mbili za sehemu inayotokeza.

Lakini kinachoachia mara nyingi si chuma, ni ukuta. Uzito unavuta bulo ya juu kuelekea inje. Katika tofali bichi, inatoka na vumbi yake, na mtoto anaweza kuwa chini. Kwa nyumba ya namna hiyo, fundi asudé mguu unaofika mpaka chini, ao afungie chuma ndani ya béton na kuiacha ikauke siku 7. Niveau ipimwe kwanza: chuma kimoja kikiwa juu kidogo, graniti inapasuka penye tundu la lavabo.